Ati kocha lazima awe ashaendesha NGO

Wiki hii pekee nimeulizwa mara tatu na wakurugenzi wa mashirika ya hapa hapa Mombasa, wa mwisho tulikuwa kwenye feri tunavuka Likoni: "Lakini huyo kocha, yeye mwenyewe ashaendesha NGO kubwa? Kama hajaendesha ataniambia nini?" Jamani. Kukwambia ufanye nini si kazi ya kocha wa uongozi; yeye hukuuliza maswali mpaka njia uione mwenyewe.

Anaekwambia ufanye nini ni konsaltanti. Anaekusimulia alivyofanya yeye zamani zake ni mlezi wa kikazi. Wote wana faida, na kama shida yako ni kujua ile sheria ya PBO (mashirika ya manufaa ya umma) iloanza kutumika Mei 2024 inataka nini kwa shirika lako, basi hata hao waache, tafuta wakili. Kocha unamhitaji pale ambapo cha kufanya unakijua na bado hukifanyi, ama bodi, wafadhili na wafanyakazi wote wanakuvuta mpaka hujui wewe mwenyewe unataka nini.

Dada mmoja alinijia baada ya kuwazungukia wakurugenzi wastaafu wawili. Mwenyekiti wa bodi yake alikuwa anachukua gari ya mradi kwa shughuli zake na mfadhili ashaanza kuuliza. Mstaafu wa kwanza akamwambia mripoti, wa pili akamwambia nyamaza, bodi ndio imekuajiri. Kila mmoja alimpa jibu la maisha yake. Mimi nilimuuliza tu, mara ya mwisho kumwambia yule mzee hapana ilikuwa lini? Akakaa kimya, kisha akasema hajawahi, manake yule ni rafiki wa marehemu babake na tangu utotoni yeye ni wa kumpa shikamoo na kuondoka. Basi kazi ilikuwa hapo. Njia aliitafuta mwenyewe: kumwendea nyumbani kwa heshima kabla ya mkutano, na barua ya mfadhili mkononi. Funguo za gari zikarudi ofisini. Ningekuwa na jibu langu tayari, lile swali nisingeliuliza.

Ati kocha ni wa mkurugenzi aloshindwa. Sio kweli. Wakati mzuri kabisa ni mwaka wa kwanza, hasa kama mwanzilishi ndio kwanza amekuachia kiti na bado anapiga simu ofisini kila siku.

Ati cheti kinatosha. Kenya hakuna leseni ya ukocha, yeyote anaweza kujiita kocha, kwa hivyo muulize cheti, ndio. Wale wenye cheti cha ICF, shirikisho la kimataifa la makocha, wa ngazi ya kwanza (ACC) wanatakiwa wawe na masaa 100 ya ukocha, ya pili (PCC) 500, ya juu kabisa (MCC) 2,500. Lakini masaa hayakwambii kama utaweza kumfungukia. Ongea na watatu kabla ya kuchagua, nusu saa nusu saa, wengi hawalipishi. Mie huwaambia watu waangalie jambo moja tu: nani aliongea zaidi. Kama ni yeye, mwache.

Ati bodi ikilipa itaambiwa yote. Hapana, ila lazima muandikiane mwanzo kabisa, nyinyi watatu, wewe na kocha na bodi: wao wataona malengo na kama umehudhuria, yale mliyoongea yanabaki kwenu. Kocha akikwambia hakuna haja ya kuandika, usianze nae.