Fonti ya jiometri yenye pembe ni ipi hasa

Pita kwenye ofisi za kuchapa mabango hapa Mwanza, kuanzia Makoroboi hadi Kirumba, utasikia mteja anaomba "fonti ya jiometri, ile ya pembe pembe, ya kisasa". Kijana wa kompyuta anafungua Arial, fonti ya kawaida ya kompyuta, anainenepesha, anachapa. Mteja analipa na kuondoka na bango lisilo na jiometri wala pembe.

Kwa kifupi, fonti ya jiometri yenye pembe ni mtindo wa herufi usio na vikia (vile vimstari vinavyokaa kwenye ncha za herufi za Times New Roman), unaojengwa kwa maumbo ya rula, na penye mviringo huwekwa mistari iliyonyooka inayokutana kwa kona. Kazi yake ni maandishi makubwa: nembo, bango, jina la boti ubavuni.

Tatizo ni kwamba watu wanadhani kukosa vikia ndiyo jiometri yenyewe. Hapana. Herufi za chapa zisizo na vikia zilitokea London mwaka 1816, kwa mtengeneza herufi za chapa William Caslon wa Nne. Jiometri ilikuja kushika zaidi ya miaka 100 baadaye, Ujerumani, na inayojulikana kuliko zote ni Futura ya Paul Renner ya mwaka 1927. Helvetica, iliyotoka Uswisi mwaka 1957, haimo humo, na Arial haimo pia. Hizo zimerithi umbo la herufi za matangazo za karne ya 19, hazikutokana na bikari wala rula. Itazame O ya Arial: imebanwa mbavu kidogo, inaelekea yai.

Ipo tofauti ya pili, na hii hata mafundi wazuri wanairuka. Futura, Poppins na Montserrat ni za jiometri kweli, ila ni za duara. Kwenye fonti ya pembe O ina pande, mara nyingi nane, C imekunjwa kama bati, na S inapinda kwa kona tupu. Kunenepesha herufi hakuzai pembe.

Wala rula peke yake haitoshi. Ncha ya A ikisimama sawasawa na kichwa cha H, jicho litaiona A fupi, kwa hiyo mchoraji makini huiachia ipande kidogo. Mistari ya mshazari nayo hupunguzwa unene, la sivyo inaonekana mizito kuliko iliyosimama. Kazi hiyo haionekani, na ndiyo inayotenganisha fonti iliyochorwa na herufi zilizokatwa tu.

Kwenye maandishi madogo pembe hizo zinaumiza. B inafanana na 8, D na 0, S na 5. Pakiti ya dagaa wa soko la Mwaloni itapendeza ikiwa na jina kubwa la pembe, lakini uzito, tarehe na namba ya simu viandikwe kwa fonti nyingine, maana mnunuzi akikosea tarakimu moja hakupati.

Ukienda kuchapa, mwombe fundi akuandikie O, C, S na G kwa ukubwa kabla hujakubali. Ukiona duara, hiyo ni jiometri ya duara, na huenda ndiyo inayokufaa. Ukiona yai, mwambie taratibu kwamba hiyo bado ni Arial au ndugu yake.