Namba ya CAN si anwani ya kifaa

"Kifaa changu cha pili nikipe ID gani?" Swali hili huulizwa na karibu kila anayeanza kuunganisha maikrokontrola (vidhibiti vidogo vya kielektroniki) kwa CAN. Halina jibu, kwa kuwa kwenye CAN kifaa hakina ID, yaani namba ya utambulisho; namba ni ya ujumbe.

CAN (Controller Area Network) ni utaratibu wa vidhibiti hivyo kuwasiliana kwa nyaya mbili zilizosokotwa. Bosch waliutambulisha mwaka 1986 kwa ajili ya magari. Kila kifaa kinahitaji kontrola ya CAN (inayopanga ujumbe) na transiva (inayotuma na kupokea ishara za umeme kwenye nyaya), na ncha mbili za mwisho wa nyaya (ncha mbili tu, si kila kifaa!) hufungwa kila moja rezista ya omu 120. Zima umeme, pima kati ya nyaya: mita ikisoma omu 60 hivi, endelea.

Sasa hiyo namba. Kila ujumbe huanza na namba ya biti 11, au 29 katika muundo mrefu, kisha data, isiyozidi baiti 8 katika CAN ya kawaida. Namba hutaja kilichomo: joto la injini, mwendo wa gurudumu. Haisemi ujumbe unamwendea nani. Vifaa vyote husikia kila kitu, na kila kimoja huchukua kinachokihusu. Ndiyo maana unaweza kuongeza skrini ya kusikiliza tu bila kugusa programu za vifaa vingine.

Tena namba hiyohiyo ndiyo zamu. Vifaa viwili vikianza kutuma kwa pamoja, kila kimoja husoma waya huku kikituma, na biti ya 0 huishinda ya 1. Kilichotuma 1 kikasoma 0 hunyamaza, na mwenzake huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Namba ndogo hupita kwanza. Anayegawa namba kama anwani huishia kuipa taa ya ndani ya gari 0x010 na breki 0x300 (0x huonyesha namba ya mfumo wa 16), kisa taa ndiyo aliyoanza kuiunganisha.

Utaambiwa CANopen na J1939 zina namba za vifaa. Ni kweli, lakini hizo ni kanuni zilizojengwa juu ya CAN.

Kwa hiyo usianze na orodha ya vifaa, ndugu yangu. Anza na orodha ya ujumbe: wa haraka upewe namba ndogo, na kila namba iwe na mtumaji mmoja tu. Wawili wakituma namba moja kwa wakati mmoja huku data zao zikitofautiana, utaanza kuona makosa na kuilaumu transiva bure.