Si kila muwasho wa mwanaume ni gono

Vijiweni Mwanjelwa, Mbeya, mwanaume akiwashwa sehemu za siri huambiwa ni gono, ameze antibayotiki. Mara nyingi siyo. Gono kwa kawaida huja na usaha na maumivu ya kukojoa. Muwasho wa kwenye kinena aghalabu ni fangasi, na unyevu huwapa nafasi: chupi haijakauka, mtu anaivaa hivyo hivyo. Antibayotiki haiui fangasi. Paka krimu ya klotrimazoli wiki 2 hadi 4, hata muwasho ukiisha mapema. Krimu zenye steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe na muwasho (watu wanazipenda mno!), hutuliza huku fangasi wakisambaa. Ukiwashwa zaidi usiku na watoto nao wanajikuna, huenda ni upele wa kuambukiza (skabisi), unaoletwa na vijidudu vya ngozi. Nyumba nzima itibiwe pamoja. Fangasi wakirudirudi chini ya govi, pima sukari. Vidonda au usaha? Hospitali, wewe na mwenzako.