Kuacha pombe: kikundi unakipataje hapa Dodoma na siku ya kwanza inakuwaje

Wengi wanaokuja kliniki kwa ajili ya pombe wanaulizia dawa, sindano moja au kidonge, warudi nyumbani wamepona. Dawa zipo na zina kazi yake ila leo naongelea kitu ambacho hawakiulizii kabisa, kikundi, yaani watu walioacha au wanaotaka kuacha wanakutana kila wiki wanaongea. Najua ukisikia hivyo unaona ni maneno tu. Lakini mwaka 2020 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa tiba, walipitia tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000 wakakuta walioelekezwa vizuri kwenye vikundi vya AA (Alcoholics Anonymous, watu wanaosaidiana wenyewe kwa wenyewe kuacha pombe) walikaa bila pombe kabisa kwa wingi kuliko waliopewa tiba nyingine za maongezi.

Kwanza tuelewane hapa jamani, maana hapa ndo watu wanapoteza maisha. Kama asubuhi lazima uzimue ndo mikono itulie, usiache ghafla ukiwa peke yako ndani. Kuanzia masaa 6 hadi 48 baada ya chupa ya mwisho unaweza kupata degedege, alafu siku ya pili mpaka ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa, anaona vitu havipo, jasho linamtoka, moyo unaenda mbio, na ndugu wanasema huyu karogwa wanamkimbiza kwa mganga, muda unaenda na mgonjwa anakufa. Mpelekeni hospitali. Atapewa dawa ya kutuliza mwili kwa siku chache na vitamini B1 kulinda ubongo, akitulia ndo kikundi kinaanza kumsaidia.

Sasa pa kuanzia. Dodoma tuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe pamoja na kituo chake cha Itega kinachohudumia waraibu, na naomba tuache ile tabia kwamba mtu akionekana geti la Mirembe basi ni kichaa, maana uraibu wa pombe ni ugonjwa na unatibiwa na watu haohao. Kama uko Kongwa, Mpwapwa, Kondoa au Bahi nenda hospitali ya wilaya umuulize mratibu wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii, uliza moja kwa moja: kuna kikundi cha walioacha pombe, kinakutana wapi, siku gani? Soba hausi, zile nyumba wanakokaa waraibu wanaoacha, nazo ulizia, baadhi wana mitingi hata kwa asiyelala pale, ila ukikuta wanafunga watu minyororo au wanapiga, ondoka. Na wale wanaouza unga wa kumwekea mume kwenye chakula bila yeye kujua ili aache pombe, msinunue, hujui kuna nini humo na unaweza kumuua. Kama kwenu hakuna kikundi na una bando, AA wana mitingi kwa simu pia.

AA ilianza mwaka 1935 huko Akron, Ohio, Marekani, na watu wawili, mmoja wa biashara ya hisa na mwingine daktari wa upasuaji, ndio, daktari, naye pombe ilikuwa imemshinda. Mpaka leo sharti la kuingia ni moja tu, uwe unataka kuacha kunywa. Hakuna kiingilio, mnatumia jina la kwanza, na kinachosemwa mle ndani kinabaki mle ndani, na hili kwa mji wetu ni kubwa maana mtumishi anaogopa kukutana na mtu wa ofisini kwake, lakini fikiria, huyo wa ofisini kwako kaja kufuata nini pale? Siku ya kwanza unaruhusiwa kukaa kimya mpaka mwisho. Utasikia wanamtaja Mungu, kila mtu kwa anavyomwelewa yeye, Muislamu na Mkristo wote wanakaa.

Usihukumu kwa siku moja. Nenda mara kadhaa, kikikushinda jaribu kingine, omba namba ya mtu aliyeacha siku nyingi umpigie ile saa ya jioni hamu ikija. Mshahara ukitoka au zabibu zikiuzwa kule Hombolo na Mpunguzi hizo ndo siku za hatari, panga kabisa uwe na nani na pesa ashike nani. Ukianguka rudi wiki ileile, aibu ndo inayotuondolea watu wengi, na hakuna kikundi cha maana kitakachokufukuza kwa kuanguka. Mama na wake zao nao wasisahaulike, Al-Anon ilianza mwaka 1951 kwa ajili ya familia, na unaweza kuhudhuria hata kama mnywaji mwenyewe hataki kusikia.

Kijijini kwenu hakuna chochote? Kwa utaratibu wa AA wenyewe watu wawili au watatu wakikutana ili wasinywe, hicho tayari ni kikundi. Ombeni chumba zahanati, au kanisani, au msikitini, muhusisheni muuguzi, chagueni siku moja na saa moja msiibadilishe, na isiwe kwa mtu anayepika pombe nyumbani.