Elimu kwa Umma: Umri wa Pombe Kali Huhesabiwa Kwenye Pipa, Si Kwenye Chupa

Mzee mmoja alifika mapokezi ya maabara yetu na chupa ya wiski aliyoiviringisha kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Lebo ilisema miaka 12. Aliinunua miaka 18 iliyopita, hakuwahi kuifungua, na sasa alitaka tumwandikie cheti kwamba imefikisha miaka 30. Tulimweleza kwa heshima zote kuwa cheti cha namna hiyo hakipo. Aliondoka akiamini tumemnyima haki yake.

Si yeye peke yake. Maombi kama lake yameongezeka, na yanakuja pamoja na malalamiko ya chupa "zilizochakachuliwa" ambazo nyingi, tukishazipima, hatuzioni kasoro. Ndiyo maana tumeona tuyaweke maelezo haya hadharani. Ni maelezo ya jumla na hayachukui nafasi ya sheria ya nchi ya msomaji. Tunazitaja mara kwa mara sheria za Uskoti, Marekani, Ufaransa na Meksiko kwa sababu huko ndiko ziliko kanuni zinazotawala majina mengi yanayosomwa kwenye chupa.

Uchachushaji hauna haja ya kuelezwa hapa; kila mtu anajua sukari na hamira hufanya nini. Kazi inayotuhusu inaanza pale mchanganyiko uliochacha, ambao mafundi wengine huuita kangara, unapoingia kwenye mtambo wa kukeneka. Ethanoli, yaani kilevi chenyewe, huchemka kwenye nyuzi 78.4 za Selsiasi na maji kwenye nyuzi 100, kwa hiyo mvuke unaopanda huwa na kilevi kingi kuliko kilichobaki chini. Mvuke ukipozwa, hurudi kuwa kimiminika chenye nguvu zaidi. Rudia mara mbili kwenye chungu cha shaba, kama wafanyavyo mafundi wa Cognac, Ufaransa, na viwanda vingi vya wiski ya kimea vya Uskoti, utapata pombe kali iliyobaki na harufu na ladha ya kilichochacha. Shaba haikuchaguliwa kwa urembo: hunasa misombo ya salfa ambayo ingeacha harufu ya kabichi iliyochemshwa.

Njia ya pili ni mtambo wa mnara, unaofanya kazi mfululizo bila kusimama. Aliyeupa umaarufu ni Aeneas Coffey wa Ireland, aliyepata hataza yake mwaka 1830. Kabla ya hapo alikuwa afisa wa ushuru, kazi yake ikiwa kuwafuatilia wakenekaji wasiolipa kodi. Watu wa idara za ukaguzi tunampenda sana kwa hilo. Mnara unaweza kufikisha kilevi karibu asilimia 96 kwa ujazo, na juu kidogo ya hapo ukenekaji wa kawaida hugota, kwa maana maji na ethanoli hupanda pamoja kama mvuke mmoja. Vodka hutokana na pombe ya kiwango hicho iliyopunguzwa kwa maji. Wiski ya Uskoti, kwa upande wake, lazima ikenekwe chini ya asilimia 94.8, ili ibaki na harufu na ladha ya nafaka iliyotumika.

Hapa tunafika kwenye imani inayotuchosha kuliko zote. Methanoli, ndugu ya ethanoli aliye sumu, huchemka kwenye nyuzi 64.7, chini ya ethanoli. Mtu akishasoma hayo mtandaoni anakata shauri kuwa methanoli yote hutoka mwanzoni, na kwamba ukimwaga kikombe cha kwanza umesalimika. Si kweli. Ndani ya mchanganyiko wa maji na ethanoli, methanoli haifuati nyuzi zake za peke yake. Hutoka mwanzo, katikati na mwisho. Fundi anayetenga kichwa, moyo na mkia anaondoa mwanzoni vitu kama asetaldehidi na ethili asetati, vyenye harufu ya gundi na rangi ya kucha, na mwishoni anaondoa mafuta mazito yenye harufu ya nguo mbichi. Hiyo ni kazi ya ladha. Asiitegemee mtu kama kinga.

Methanoli inayozalishwa na uchachushaji hutokana hasa na pektini ya matunda, na nafaka huwa nayo kidogo sana. Kanuni za Umoja wa Ulaya huruhusu gramu 10 tu kwa hektolita (lita 100) ya kilevi halisi kwenye vodka, lakini gramu 1,000 kwenye pombe kali nyingi za matunda, na wanaokunywa hizo hawapofuki. Vifo vya halaiki tunavyovisikia huwa vina chanzo kingine: mtu amechukua methanoli ya kiwandani, iliyotengenezwa kwa ajili ya viyeyushi na mafuta, akaichanganya kwenye chupa kwa sababu ni rahisi kupatikana na haina ushuru wa vileo. Mwilini hugeuka kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mishipa ya macho. Dalili mara nyingi huchelewa saa 12 hadi 24, na huchelewa zaidi kama mtu alikunywa na ethanoli. Anayeona ukungu au weupe machoni baada ya kunywa apelekwe hospitali papo hapo, na chupa iende naye. Asisubiri "hangova" imwishie. Na tafadhali, lile jaribio la kuwasha kijiko uone rangi ya moto liachwe. Ethanoli huwaka kwa moto wa buluu, methanoli kwa moto hafifu usioonekana vizuri, na zikichanganywa jicho halina uwezo wa kuzitofautisha.

Sasa pipa.

Pombe iliyotoka mtamboni haina rangi, kama maji. Rangi na sehemu kubwa ya ladha hutoka kwenye mbao za mwaloni: vanilini, tanini, na sukari za mbao zilizoungua pale pipa lilipobabuliwa ndani kwa moto. Wakati huohuo mbao hupitisha hewa kidogo kidogo, na pombe huvuja kama mvuke. Uskoti hupoteza takriban asilimia 2 kwa mwaka, sehemu ambayo wenyewe huiita fungu la malaika. Penye joto kali hupotea zaidi, na maghala makavu ya Kentucky, Marekani, hupoteza maji kwa kasi kuliko kilevi, hivyo nguvu ya pombe hupanda pipani, wakati ghala lenye unyevu la Uskoti huishusha. Kwa sababu hiyo miaka 8 ya ghala moja si sawa na miaka 8 ya ghala jingine, na anayelinganisha wiski mbili kwa namba pekee anapoteza muda wake.

Yote hayo yanataka mbao. Kioo hakitoi kitu na hakipokei kitu. Mafundi wa Cognac wanalijua hili vizuri: konyaki yao kongwe, yaani brandi ya zabibu, ikifikia pale wanapopataka, huihamishia kwenye machupa makubwa ya kioo kwa kusudi hasa la kuusimamisha umri. Basi wiski ya yule mzee ina miaka 12, na itakuwa na miaka 12 hata akiirithisha wajukuu.

Kuhusu namba yenyewe, kanuni ni moja Ulaya na Marekani: umri ukiandikwa, lazima uwe wa pombe changa kuliko zote zilizomo kwenye chupa. Kiwanda kikichanganya wiski ya miaka 25 na kijiko cha wiski ya miaka 5, chupa ni ya miaka 5. Tunawaomba wasomaji wawe macho na namba inayosimama peke yake mbele ya chupa, kubwa na ya dhahabu, bila neno "miaka" karibu yake. Inaweza kuwa namba ya pipa, ya kiwanda, au ya mapenzi ya mtu wa matangazo. Kukosekana kwa umri nako si kosa. Wiski ya Uskoti isiyo na namba bado imekaa miaka 3 au zaidi kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, maana isingefikisha hapo isingeruhusiwa kuitwa wiski.

Rangi ndiyo shahidi mwongo kuliko wote. Uskoti huruhusu karameli ya kawaida, ile yenye alama E150a, ili chupa za leo zifanane na za mwaka jana. Bourbon, wiski ya Marekani, hairuhusiwi kutiwa rangi, lakini huwa na wekundu mzito mapema kwa sababu huwekwa kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichobabuliwa. Chombo hicho hakitumiki tena kwa bourbon. Mapipa mengi huuzwa Uskoti na kwingineko, ambako hutoa rangi hafifu kwa kuwa yameshanyonywa. Kwa hiyo wiski nyeupe-nyeupe inaweza kuwa na umri mara tatu ya ile nyekundu iliyo pembeni yake rafuni.

Majina nayo yana sheria. Bourbon lazima iwe na mahindi asilimia 51 au zaidi, ikenekwe isizidi kilevi cha asilimia 80, na iingie pipani isizidi asilimia 62.5. Haina umri wa chini mpaka iitwe "straight", ambapo lazima iwe na miaka 2, na ikiwa chini ya miaka 4 umri wake uandikwe. Konyaki ya daraja la VS ina angalau miaka 2, VSOP miaka 4, na XO iliyokuwa 6 imekuwa 10 tangu Aprili 2018. Tekila ya Meksiko ya daraja la reposado hukaa pipani angalau miezi 2, añejo mwaka 1, extra añejo miaka 3. Na pasipoandikwa asilimia 100 ya agave, mmea unaotoa tekila, hadi asilimia 49 ya sukari iliyochachushwa inaweza kuwa imetoka kwenye mmea mwingine. Jini ni pombe iliyotawaliwa na ladha ya mreteni, umri hauihusu. "Single malt" nayo haina maana ya pipa moja. Maana yake ni kiwanda kimoja na kimea cha shayiri tupu, hata kama mapipa ni mia mbili.

Kiwango cha kilevi kina utata wake. "Proof" ni kipimo kingine cha nguvu ya kilevi: "80 proof" ya Marekani ni asilimia 40, si 80. Gawanya kwa 2. Kipimo cha zamani cha Uingereza ni kingine kabisa, kwani "100 proof" yao ilikuwa takriban asilimia 57.1.

Wanaotuletea malalamiko kwamba chupa imeandikwa asilimia 40 na kipimo chao cha nyumbani kinasoma 37, tunawaomba wafuatilie hatua hizi. Haidromita, yaani kipimo hicho cha kuelea, husoma uzito wa kimiminika, haisomi kilevi. Penye sukari au rangi uzito hupanda na usomaji hushuka. Kwa hiyo sisi hupima ml 200 kwenye chupa ya kipimo ikiwa nyuzi 20 kamili, tunakeneka upya sampuli yote kwenye mtambo mdogo wa kioo, tunakusanya takriban ml 180, tunairudisha kwenye nyuzi 20, tunaijaza maji yaliyokenekwa mpaka ifike ml 200 ileile, ndipo tunapima uzito na kusoma jedwali. Hatua ya joto si ushabiki wa wanakemia: kwa pombe ya asilimia 40, nyuzi 1 tu hupotosha usomaji kwa zaidi ya asilimia 0.3, na asilimia 0.3 ndiyo tofauti yote inayovumiliwa kwenye lebo Ulaya na Marekani. Ukipima chupa iliyotoka juani unajidanganya.

Lalamiko jingine ni ukungu. Wiski iliyo chini ya takriban asilimia 46, ikitiwa barafu au kuwekwa kwenye baridi, inaweza kuingia weupe. Ni esta za asidi za mafuta zinazojitenga, ambazo viwanda vingi huzichuja kwa baridi kabla ya kujaza chupa ili tu wasipigiwe simu. Ipashe kidogo, ukungu utapotea. Haijachakachuliwa.

Uchakachuaji wenyewe upo, hatukatai, na adhabu zake si nyepesi. Katika sheria nyingi kosa moja huvunjika kuwa kadhaa: kuuza kwa jina lisilo lake, kukwepa ushuru, kutumia alama ya mwingine, na kuhatarisha uhai, kila moja na faini yake. Mzigo hufungwa lakiri kwanza, sampuli hugawanywa mafungu matatu mbele ya mwenye mali, moja likabaki kwake, moja likaja maabara, na la tatu hutunzwa kwa ajili ya mabishano mahakamani. Leseni inaweza kusimamishwa kabla kesi haijaisha. Na anayejikenekea nyumbani asijitetee kuwa ni kidogo: kifungu cha 5601 cha sheria ya mapato ya Marekani kinaandika faini hadi dola 10,000, kifungo hadi miaka 5, au vyote viwili, kwa kila kosa, bila kujali ukubwa wa mtambo. Nyuzilandi huruhusu ukenekaji kwa matumizi binafsi, ila si kwa kuuza. Kabla ya kuwasha jiko, uliza mamlaka ya kwenu.

Ukiwa na shaka ya kweli, acha kunywa, funga kizibo, usiifute chupa wala usibandue lebo au stempu ya ushuru, na tunza risiti. Ilete wima, ikiwa kwenye chupa yake. Pombe iliyohamishiwa kwenye chupa ya maji hatuipokei kama ushahidi, hata mleta akiapa, kwa kuwa hatuna namna ya kujua ilianzia wapi.