Nguvu ya ngumi haianzi begani

Wanafunzi wangu wapya wa karate, na hata baadhi ya waliokwisha kufikia mkanda wa kahawia, ulio chini ya mweusi, huniuliza swali lilelile: wanyanyue vyuma vya uzito gani ili ngumi zao ziwe nzito? Swali hilo limejengwa juu ya imani kwamba mwenye mabega mapana na mikono iliyotuna ndiye apigaye kwa nguvu zaidi, na kwa kuwa nimechoka kulijibu kwa mdomo, nalijibu sasa kwa maandishi.

Katika gyaku zuki, au konde la mkono wa nyuma kama wanavyolijua mabondia, nguvu huanza pale unyayo wa nyuma unaposukuma sakafu, ikapanda kwa goti na nyonga, kiuno kikageuka, bega likafuata, na ngumi ikafika mwisho kabisa. Bega likitangulia kiuno, kazi yote iliyofanywa na mguu inapotea njiani. Utafiti wa Kisovieti wa V. I. Filimonov na wenzake, uliochapishwa mwaka 1985, ulikadiria kwamba mguu ulichangia takriban asilimia 38 ya nguvu ya konde kwa mabondia mahiri, ilhali kwa wanaoanza haukufikia asilimia 17.

Kibaya zaidi, anayetegemea mkono huukaza tangu mwanzo wa pigo. Misuli inayokunja kiwiko hushindana na ile inayokinyoosha, naye anajifunga breki mwenyewe. Hasara yake ni kubwa, kwa sababu nishati ya mwendo hufuata mraba wa kasi: kasi ikipungua kwa nusu, inabaki robo tu ya nishati. Stuart McGill na wenzake walipima misuli ya wapiganaji mahiri, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2010 wakaonyesha kwamba misuli mingi hukaza pigo linapoanza, hulegea kiungo kikiwa safarini, kisha hukaza tena wakati wa kugusa shabaha. Kulegea huko kwa katikati hakupatikani kwa kunyanyua vyuma. Ndiyo maana nawalazimisha wanafunzi kupiga polepole, miguu mitupu, macho yakiwa kwenye nyonga na si kwenye ngumi, zoezi ambalo wengi wao hulichukia na ambalo sitaliacha.

Kuna pia wanaopiga hewa wakiwa wameshika vyuma vidogo mikononi. Uzito huvuta chini ilhali ngumi inakwenda mbele, kwa hiyo kinachochoka ni misuli ya kuinua bega; mpira mzito wa kurusha ukutani una faida zaidi.

Wapo wanaodhani kihon, yaani mazoezi ya msingi, ni ya mkanda mweupe, wa wanaoanza. Watazamwe kwenye kumite, yaani pambano la wawili, wakishachoka, ndipo itajulikana waliiacha lini.

Na wale wanaopiga ukuta ili kukomaza mikono wajue kwamba makiwara, ubao wa kupigia wa karate, hupinda kwa makusudi, nao ukuta haupindi. Mfupa huimarika taratibu kwa mzigo wa kiasi, lakini gegedu la viungo likiharibika halijirekebishi kwa urahisi. Ngumi itue kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka, kwa maana mfupa wa kiganja ulio nyuma ya kidole kidogo ndio unaovunjika mara nyingi kwa wapigaji wazembe. Anayetaka kukomaza mikono aanze na begi la kupigia, akiwa amefunga bandeji mikononi, na akihisi maumivu ndani ya kiungo aache siku hiyohiyo.