Santuri ya Frank Wilson: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Miongoni mwa wakusanyaji wa santuri za soul, muziki wa Wamarekani weusi, hakuna iliyosimuliwa sana kama "Do I Love You (Indeed I Do)", santuri ndogo ya inchi 7 iliyoimbwa na Frank Wilson mwaka 1965 na kupewa namba 35019 chini ya nembo ya Soul, tawi la Motown, kampuni ya muziki ya Marekani. Kwa sababu imesimuliwa mno, imebebeshwa pia mambo yasiyokuwapo, nami naona ni haki ya mwimbaji huyu habari zake zinyooshwe.

Dhana: Ilitolewa, ikakosa wanunuzi.

Haikupata kufika dukani. Nakala za kutangazia wimbo zilikwisha kupigwa chapa pale utoaji wake uliposimamishwa, na karibu zote zikaharibiwa. Wilson alikuwa mtunzi na mtayarishaji wa muziki katika ofisi ya Motown ya Los Angeles, na inasimuliwa kwamba Berry Gordy, mwenye kampuni, alimtaka aamue kama anataka kuwa mwimbaji au mtayarishaji, naye akaamua kutayarisha. Kazi alizowafanyia baadaye makundi ya The Supremes na Four Tops na mwimbaji Eddie Kendricks zinatosha kuonyesha kwamba aliyeacha kuimba hakuwa mtu aliyeshindwa.

Dhana: Mkusanyaji mwenye bahati aliiokota katika rundo la santuri kuukuu.

Hadithi hii inapendwa kwa kuwa kila mkusanyaji angependa imtokee yeye. Hata hivyo, njia iliyofuatiliwa na watafiti inaanzia katika hifadhi ya Motown yenyewe, ambamo nakala ilitoka miaka ya 1970 na kufika kwa Simon Soussan, mfanyabiashara wa santuri aliyekuwa Los Angeles. Wateja wake walikuwa kaskazini mwa Uingereza, ambako vijana walikesha wakicheza nyimbo za soul za Marekani zilizokuwa zimesahaulika kwao zilikotoka. Kwa hiyo asili yake haikujulikana kwa bahati, bali kwa kuuliza kila aliyewahi kuishika aliipata kwa nani, na kulinganisha majibu hayo mpaka yakubaliane.

Dhana: Mwimbaji ni Eddie Foster.

Wapo walioamini hivyo kwa dhati, na hawastahili kulaumiwa. Wimbo ulipoanza kupigwa katika Wigan Casino, ukumbi wa dansi wa huko kaskazini mwa Uingereza, dijei Russ Winstanley aliutangaza kwa jina hilo. Ilikuwa desturi ya madijei wa wakati huo kubandika karatasi nyeupe juu ya lebo na kuandika jina la uongo, ili dijei wa ukumbi mwingine anayechungulia juu ya mashine asijue atafute nini. Kisha zikatokea nakala za wizi zenye jina hilohilo, na uongo uliokusudiwa kumzuia mshindani ukawa umechapishwa. Eddie Foster alikuwa mwimbaji wa kweli wa Marekani, ila wimbo huu hakuuimba. Jambo hili linaniuma kuliko yote, maana karatasi moja iliwadhulumu watu wawili: mmoja alinyang'anywa sauti yake, mwingine akabebeshwa sauti isiyo yake.

Dhana: Bei inapanda kwa kuwa nakala zinazidi kupungua.

Kwa miaka mingi nakala zilizothibitishwa zilikuwa mbili tu. Moja ilinunuliwa na mkusanyaji wa Uskochi mwaka 1997 kwa pauni 15,000, ikauzwa tena mwaka 2009 kwa pauni 25,742, na hapakuwa na nakala iliyopotea katikati. Mwaka 2020 bei ya santuri hii ilifika pauni 100,000. Kilichozidi ni hamu ya wanaoitaka.

Dhana: Fedha hizo humfikia mwimbaji.

Mauzo ya santuri iliyokwisha tumika ni baina ya muuzaji na mnunuzi, na mwimbaji hapati mrabaha wowote hapo. Wala haikuwa lazima mtu awe tajiri ili ausikie wimbo, kwani mwaka 1979 ulitolewa rasmi nchini Uingereza chini ya nembo ya Tamla Motown, ukauzwa madukani kwa bei ya santuri nyingine yoyote. Wilson, aliyefariki mwaka 2012, aliishi kuiona santuri hiyo, na kwenye lebo yake, pasipo karatasi juu yake, lilisomeka jina la Frank Wilson.